Chupa Moja, Meza Mbili

Dukani, 4 Februari

Mzazi mwenzangu,

Salamu nyingi. Hatujaonana uso kwa uso, lakini mwanao na mwanangu wametupa kazi, nami nimeona nianze kabla sijaogopa. Ukumbi, nguo, muziki na kadi wameshika wenyewe. Sisi wazee wametuachia mvinyo mwekundu wa harusi. Mrefu wangu kaniambia, "Mama, uwe mzuri, usiwe ghali, na mtu akiunywa asikunje uso." Nikamuuliza huo unapatikana wapi. Akasema, "Ndiyo kazi yenu."

Nikueleze mapema: mimi ni dobi. Mvinyo mwekundu naujua kwa madoa tu. Hoteli zinaniletea vitambaa vya meza, nami nikitupa jicho nakuambia upi ulimwagika jana na upi una wiki. Ladha yake siijui. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa bia.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu zipo. Mashine zangu zinanguruma kutwa. Kwenye simu nasikia nusu, nusu najazia mwenyewe. Ndivyo nilivyompa dada yangu hongera siku aliyoniambia amevunjika mguu. Barua naisoma mashine zikiwa zimezimwa.

Haya, tunaanzaje?

Mama Dobi, mama yake Mrefu


Juu ya duka la miwani, 11 Februari

Mzazi mwenzangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama na imenichekesha. Mpe pole dada yako.

Mimi ni fundi miwani. Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, na Mboni ahamie huko anakofanya kazi na Mrefu wako, naishi peke yangu juu ya duka. Divai siijui kukushinda. Jana nilisimama mbele ya rafu kama mgonjwa mbele ya ubao wa herufi: naona, ila sisomi.

Napendekeza hivi. Lile duka kubwa la vinywaji lina tawi kwenu na tawi kwetu. Kila Jumamosi tununue chupa ileile, wewe kwako na mimi kwangu, tuinywe na chakula cha jioni, kisha tuandikiane ukweli mtupu. Kila chupa nchi yake. Bei isizidi ya kuku mzima. Tuanze na Ufaransa, maana ndiyo inayotajwa na kila mtu. Jina la chupa nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, mazoea ya kazi.

Wako,
Baba Mboni


Dukani, 24 Februari

Baba Mboni,

Ukweli umeutaka mwenyewe. Ile ya Ufaransa imenishinda. Chupa nzito kama pasi ya mkaa, picha ya kasri juu yake, na ndani ukakasi mtupu. Ulimi ulinikauka kama shuka iliyosahauliwa juani. Nilimrudia muuzaji nikamuuliza, "Umeniuzia mvinyo au kasri?" Alicheka. Akasema Ufaransa kuna mizuri tele, lakini ukitafuta jina kubwa kwa bei ya kuku, pesa yako inaishia kwenye jina na kwenye uzito wa chupa.

Nikamuuliza kama ninavyomuuliza muuza sabuni: "Wewe nyumbani kwako unatumia ipi?" Akaangalia huku na huku, akainama, akatoa chupa rafu ya chini kabisa. Ya Ureno. Nyepesi, karatasi yake haina hata ua. Akasema huko wanachanganya zabibu za kwao ambazo watu wa nje hawawezi kuzitamka majina, ndiyo maana bei bado ina adabu.

Nimeinywa na maharage na mkate. Mzazi mwenzangu wee! Kama matunda meusi yaliyoiva, na moshi kwa mbali. Nilimaliza glasi nikajikuta nasugua sufuria huku naimba.

Jumamosi ijayo Ureno kwako. Usipoimba, niandikie kwa nini.

Mama Dobi


Juu ya duka, 13 Machi

Mama Mrefu,

Sikuimba, ila nilipiga mluzi. Ureno imepita.

Sasa nije kwenye ile divai ya Hispania, Garnacha, ambayo imetugombanisha. Wewe umeandika ni laini kama jamu. Mimi ilinichoma koo kama dawa ya kikohozi. Nikajiuliza: ni yupi kati yetu anayemdanganya mwenzake? Halafu nikakumbuka uliniambia chupa zako unaziweka stoo, kwenye sakafu ya saruji. Zangu zinakaa juu ya friji, na jiko langu linapigwa na jua la mchana wote. Nikaichukua iliyobaki, nikaitia ndani ya friji wakati namenya viazi. Nilipomimina tena, ilikuwa divai nyingine kabisa! Ule moto umekwisha, utamu umekuja mbele.

Kwa hiyo naandika kama daktari: divai nyekundu ya bei ndogo isinywewe na joto la chumba chenye jua. Ukumbini zipoozwe kidogo kabla ya kufunguliwa. Nimetembea na ugunduzi huu siku nzima, mpaka mteja mmoja nimempa miwani ya mwenzake.

Nikuambie jingine. Jumamosi zangu zilikuwa za kufuta vumbi. Siku hizi kuanzia Jumatano nashuka ngazi kuangalia kama mtu wa barua kapita.

Baba Mboni


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Mimi na Mrefu hatuoani. Hatukugombana, hakuna aliyemkosea mwenzake. Juzi tulikuwa tunachagua rangi ya viti vya ukumbi, nikamuuliza kwa utani, "Siku ya pili yake tutafanya nini?" Akaiweka chini sampuli ya rangi. Nami nikaiweka yangu. Tukatoka nje tukakaa kwenye ngazi, tukaongea mpaka walinzi wakafunga geti. Baba, tulikuwa tunaipenda harusi kuliko tulivyokuwa tunapendana. Nimelia, nitalia tena, lakini sijutii.

Mama yake ataambiwa na Mrefu mwenyewe. Nakuomba usimwandikie lolote mpaka ajue.

Mwanao,
Mboni


Dukani, 19 Machi

Mrefu mwanangu,

Ulipopiga simu nilizima mashine zote, kwa hiyo safari hii nimesikia kila neno. Pole. Sikulaumu. Afadhali kuvua kiatu dukani kuliko kutembea nacho kinakubana. Jikaze kisabuni, kula, lala, na usinywe pombe ya hasira.

Umesema unataka kumpigia baba yake Mboni umwombe radhi. Usimpigie. Habari kama hii haitupwi mlangoni kwa mzee wa watu anayeishi peke yake. Mimi ndiye ninayeandikiana naye, nitamwambia mimi, taratibu, nikipata maneno. Usiniharakishe.

Mama


Juu ya duka, 23 Machi

Mama Mrefu,

Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Mrefu naye, hajambo?

Jumamosi hii nilikuwa na ile Carménère ya Chile, kama tulivyopanga. Kwanza ilininukia pilipili hoho mbichi, nikataka kukata tamaa. Nikainywa na kuku wa kuokwa, na ile harufu ikageuka kuwa kiungo. Nadhani ni divai ya mtu mwenye subira. Wewe umeionaje?

Nchi bado ni nyingi. Ajentina, Italia, Afrika Kusini. Sioni sababu ya kukimbizana.

Baba Mboni


Dukani, 2 Aprili

Baba Mboni,

Mrefu hajambo, anakusalimu. Mboni je? Mwambie ajitunze.

Chile nimeipenda, hasa siku ya pili, nilipoinywa chupa ikiwa imeshalala wazi. Malbec ya Ajentina ndiyo imenimaliza. Nyeusi kama wino! Nilidondosha tone kwa makusudi kwenye kitambaa cheupe nione. Limenitoa jasho mpaka nikatia sabuni ya kipande na maji ya moto. Lakini mdomoni ni mpole, kama mtu mwenye sauti nzito asiyegombana na mtu. Kwa nyama, mzazi mwenzangu, sidhani tutapata inayoishinda kwa bei ile.

Muuzaji ananiuliza kila mara, "Mama, sherehe lini?" Namwambia bado tunaonja. Ni kweli, sivyo? Bado tunaonja.

Kwa hiyo usiwe na haraka. Siku hiyo ikifika itafika.

Mama Dobi


14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeondoka kwako jana bila kukuaga vizuri, na nimejuta njia nzima, lakini hasira bado ninayo, acha niiseme.

Nilikuja kulala kwetu, nipumue. Nakuta chupa za nchi nne zimepangwa dirishani, na wewe umevaa shati la kupigwa pasi unamimina ya tano. Nikauliza ya nini. Ukasema, "Ya kwetu na Mama Dobi, kwa ajili ya..." ukakatiza. Nikakuuliza kama umeshamwambia. Ukavua miwani ukaanza kuifuta, na miwani yako, baba, haijawahi kuwa chafu.

Nilikuomba usubiri aambiwe na mwanawe. Sikukuomba umwache mama wa watu achague mvinyo wa harusi isiyokuwepo kwa mwezi mzima! Au unadhani ukiendelea kuonja tutarudiana? Mimi kila asubuhi najikumbusha kwamba yamekwisha, nawe kila Jumamosi unayafungulia chupa. Unajua inavyouma?

Mwambie. Nakuomba kama mwanao.

Mboni


Juu ya duka, 17 Aprili

Mama Mrefu,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Watoto wetu hawaoani. Mboni aliniambia katikati ya Machi, kabla hata sijafungua ile ya Chile. Aliniomba nisubiri wewe uambiwe na Mrefu, nami nikajificha nyuma ya ombi hilo kama mtu mzima nyuma ya pazia, miguu yote nje. Sikujua kama umeambiwa, na sikuuliza, kwa sababu ungenijibu.

Sikuwa na tumaini kwamba watarudiana. Ningekuwa nalo, ningejitetea vizuri zaidi. Ni kwamba meza yangu ilikuwa imepata mtu upande wa pili, ingawa mtu huyo yuko mji mwingine. Niliogopa kuiona tupu tena.

Nimekuvunjia heshima na nimemuumiza binti yangu. Naomba unisamehe.

Baba Mboni


Dukani, 17 Aprili

Baba Mboni,

Leo muuza mvinyo kaniuliza masanduku ayalete lini na wapi, nikajifanya nasoma bei za rafuni kama niliyefumaniwa. Basi nipige moyo konde. Hakuna harusi. Mrefu aliniambia mwezi uliopita. Nilimkataza asikupigie, nikasema nitakuambia mimi, kisha kila nikishika kalamu najikuta naandika habari za Ajentina. Nilidhani nakuhurumia wewe. Kumbe najihurumia mimi.

Usimlaumu Mboni, wala mwanangu. Wametengana kwa adabu kuliko wengi wanavyooana.

Kazi tuliyopewa imekwisha. Nakushukuru kwa kila Jumamosi.

Mama Dobi


Juu ya duka, 26 Aprili

Mboni mwanangu,

Marahaba. Nimemwambia, naye siku ileile alikuwa ananiandikia kunieleza jambo hilohilo. Barua zetu zimepishana njiani. Alikuwa anajua muda wote, kama mimi. Unaweza kucheka, nakuruhusu.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Sikufikiria kwamba furaha yangu ilikuwa inakukanyaga wewe. Nisamehe, mama.

Mwenyewe ameandika kwamba kazi imekwisha na akanishukuru. Amefunga mlango kwa upole, nami nimeelewa, sitamsumbua. Chupa nimezitoa dirishani. Duka linaendelea.

Baba yako


3 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuiteje sasa, maana ukwe wetu umeishia njiani, ila "Mama" sikuwahi kukuita kwa sababu ya Mrefu tu, basi niruhusu niendelee nalo.

Sikuandikii kuhusu mimi na yeye. Nakuandikia kuhusu baba. Nilimgombeza, na nilichosema nilikimaanisha. Lakini jana nimepita kumwona. Amerudia kula amesimama, sahani juu ya friji, kama alivyokuwa mwaka ule mama alipofariki. Nimemuuliza habari zako. Akasema, "Amenishukuru, yametosha." Nimemwomba anionyeshe ulivyoandika. Mama, mimi nimesoma, na sijaona mlango uliofungwa. Lakini baba ni mtu wa kusoma herufi ndogo hata pale zisipoandikwa.

Kama nimeelewa vibaya, isamehe barua hii na uichane. Kama sijaelewa vibaya, mwandikie.

Mboni


Dukani, 9 Mei

Baba Mboni,

Barua yako ya kuomba radhi niliipata, nami nimekusamehe, lakini kimya chako baada ya hapo kimenichosha. Nilisubiri wiki ya kwanza nikasema mtu wa barua anaumwa. Wiki ya pili nikasema wewe ndiye unayeumwa. Ya tatu nikasema basi, mzee amekasirika, na ana haki.

Sasa nimesikia kwamba eti nilikufungia mlango. Mimi? Niliandika kazi imekwisha. Sikuandika barua zimekwisha! Soma vizuri, wewe si fundi miwani?

Harusi ilikuwa ya watoto, wameirudisha, tumekubali. Jumamosi zilikuwa zetu, na hakuna aliyetuomba tuzirudishe. Italia nimeionja peke yangu, ile Montepulciano, nikamwambia ukuta kwamba ni nzuri kwa mchuzi wa nyanya. Ukuta haukujibu. Bado Afrika Kusini, na muuzaji amenitolea ile Cinsault yao, anasema ni nyepesi, ya kunywa ikiwa baridi kidogo, tena si ghali kwa sababu watu wanakimbilia nyeusi na nzito. Nimenunua moja tu. Sitakutumia jina lake, wala usiende kuitafuta kwenye tawi la kwenu.

Safari ni ya nusu siku kwa gari moshi. Nyumba yangu iko nyuma ya duka, mlango wa kijani, chumba cha wageni kina mashuka safi kuliko hoteli yoyote utakayolala. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, nimekualika.

Mama Dobi


Nyuma ya duka la dobi, 2 Juni

Mboni mwanangu,

Nakuandikia kwenye meza ya watu, kwa hiyo usishangae karatasi kunukia sabuni.

Nilifika Ijumaa mchana. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema mlangoni, mazuri kabisa. Akafungua Mama Dobi mwenyewe, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, mashine zinanguruma nyuma yake. Nikayasema yote. Akaniambia, "Sijasikia hata moja, ingia." Ni mfupi kuliko barua zake.

Jioni ya Jumamosi tukafungua ile Cinsault. Nyekundu ya kupenya mwanga, inanukia matunda mekundu mabichi. Mimi nikasema ni bora kuliko zote. Yeye akasema ni maji ya waridi, afadhali Ajentina. Tukabishana mpaka chakula kikapoa, tukakipasha moto, tukaendelea. Miezi yote ile ya barua hatujabishana kiasi hicho. Nilikuwa nimesahau raha ya kukatizwa maneno.

Mrefu alikuja Jumapili. Nilikuwa na wasiwasi, naye vilevile. Akasema, "Shikamoo, baba," kisha akaona haya kwa hilo neno. Nikamwitikia. Tukakunja mashuka pamoja sisi watatu, na kwa kuwa yeye ni mrefu na mama yake ni mfupi, shuka lilikuwa likienda mshazari, tukacheka. Amekuulizia, kwa heshima. Nikamwambia u mzima.

Nilisema nitarudi leo. Sijarudi. Sijui niliite nini jambo hili, kwa umri wangu, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Kama linakuumiza niambie, Mboni, nami nitapanda gari la kesho. Sisemi kwa mdomo tu. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kwangu, na utaendelea kuwa wa kwanza.

Baba yako


8 Juni

Baba,

Shikamoo. Usipande gari la kesho.

Nimeisoma barua yako nikiwa ofisini, na mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimefiwa, kumbe nacheka. Mrefu naye alikuwa ameshanipigia. Ni mara ya kwanza tunaongea tangu zile ngazi. Akasema, "Umesikia ya wazee?" Nikamwambia, "Nimekukataa uwe mume wangu, sasa umetafuta njia ya kuwa kaka yangu?" Tulicheka mpaka tukaishiwa, halafu tukaagana, kila mmoja kwake, na kuagana hakukuuma kama nilivyoogopa.

Sitakudanganya: inanipa shida kidogo. Nitahitaji muda kabla sijaketi kwenye meza moja na nyote watatu. Msinialike mwezi huu. Mwezi ujao niulizeni.

Jana nimekwenda kwako kumwagilia maua na kufungua madirisha. Kila nilipokuwa naondoka nyumba ile, nilikuwa nageuka chini barabarani kuangalia juu, na wewe ulikuwa dirishani unanipungia mkono, nami nilikuwa nabeba hiyo picha kifuani mpaka kwangu, kama deni. Jana nimegeuka, dirisha halina mtu. Nimesimama pale kwa muda nikisubiri moyo uume. Haukuuma.

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa duka: fundi amesafiri. Mama mmoja alikuja na miwani iliyokatika mkono akaniuliza unarudi lini. Nikamwambia sijui. Akanitazama kwa huruma, akidhani ni habari mbaya. Ikabidi nimshike bega nimwambie, "Hapana, mama. Yuko salama. Ana wageni wake."

Baadaye ndipo nikagundua nimekosea. Mgeni ni wewe. Lakini sikumfuata kumrekebisha.

Mwanao,
Mboni